Tupeane uzoefu: gari la kabureta linalozimika ghafla, kisha linawaka tena

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vya magari ya zamani ya kabureta yanayozimika njiani bila taarifa, kisha baada ya muda yanawaka kana kwamba hayakuwa na tatizo lolote. Hitilafu ya kudumu humpa fundi nafasi ya kuipima, lakini hii ya kuja na kuondoka hujificha pale pale gari linapofikishwa gereji, na ndiyo maana watu huishia kubadilisha plagi, koili (inayokuza umeme wa kutoa cheche) na hata kabureta nzima (inayochanganya petroli na hewa) kwa kubahatisha.

Kila atakayechangia aeleze kwanza gari lilizimika vipi. Injini inayokata papo hapo mara nyingi imepoteza umeme wa plagi. Ile inayosita, kurukaruka na kupungua nguvu kabla ya kunyamaza mara nyingi imekosa petroli, kwa kuwa bakuli la kabureta huwa na akiba ndogo inayokwisha polepole. Gari langu ni la aina ya kwanza. Linapokata nikiwa kwenye gia, mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi huanguka hadi sifuri ingawa magurudumu bado yanaizungusha injini.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, dalili hizo zinafanana mno na za pikapu niliyokuwa nikiiendesha kazini, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Ilitembea vizuri kwa mwendo mmoja, lakini nikiachia mafuta kabla ya kona, au nikikanyaga kwa nguvu kupanda mlima, ilikata. Mara nyingine ilirudi yenyewe kabla haijasimama. Koili ilibadilishwa, kondensa (kikopo kidogo kinachozuia platini kuungua) ikabadilishwa, platini (ncha mbili zinazokata na kuunganisha umeme wa koili) zikarekebishwa hadi uwazi unaotakiwa, ambao kwa magari mengi ya aina hiyo ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, na bado ikaendelea kukata.

Fundi mmoja mzee alifungua distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, akaitoa rota inayozunguka ndani yake, kisha akaunyonya kwa mdomo ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kopo la kiwambo (utando unaovutwa na mvuto wa hewa ya injini) pembeni ya distribyuta. Aliponyonya, kisahani kilichobeba platini kilisogea, na waya mfupi unaopeleka umeme kwenye platini ukajikunja pamoja nacho. Jambo hilo hutokea kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, kwa sababu kiwambo hukisogeza kisahani ili kuwahisha au kuchelewesha cheche. Waya hukunjwa na kunyooshwa miaka nenda miaka rudi, hatimaye nyuzi zake za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima, na ukiutazama huoni kasoro yoyote. Aliupima kwa mita, umeme ukapita. Akaupima tena huku mimi nikinyonya ule mpira, umeme ukakatika. Mwishowe aliushika ncha zote mbili na kuuvuta taratibu, nao ukarefuka mkononi mwake, jambo ambalo waya wenye shaba nzima haulifanyi.

Kagua pia waya wa ardhi unaounganisha kisahani na mwili wa distribyuta, kwa maana nao hukunjwa vivyo hivyo. Utakaouweka badala yake uwe laini, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya mgumu wa kawaida hautadumu mahali hapo.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana kwa maelezo haya. Nimezipima nyaya zote mbili kama ulivyoelekeza: wa platini ni mzima, ila wa ardhi unakatika kisahani kinapofika mwisho wa kusogea kwake, na nimekwisha kuubadilisha. Ni mapema kutangaza kwamba tatizo limekwisha, ingawa mshale umetulia. Wenye visa vya upande wa mafuta tafadhali endeleeni.

Mchangiaji wa pili

Langu lilikuwa halisumbui kwenye safari fupi, lakini kwenye barabara ndefu, kwa mwendo wa kasi, lilianza kusita, likapungua nguvu, likazimika. Kilichonipa mwanga ni chujio lenye kioo: nikipiga stata mara tu baada ya kuzimika lilibaki karibu tupu, nikipiga baada ya kulipumzisha gari lilijaa petroli. Nilishuku tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi, kwa kuwa likiziba, pampu hushindwa kuvuta. Hata hivyo nilipoufungua mfuniko gari likiwa limezimika, hewa haikuvuma kuingia, na hali haikubadilika, kwa hiyo shaka hiyo nikaiweka kando.

Tangi liliposhushwa, ndani yake kulikuwa na kipande chembamba cha plastiki kikielea. Mvuto wa pampu ulikipeleka hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea, kikauziba, na injini iliponyamaza mvuto ulikwisha, kikaachia. Kukagua chujio peke yake kusingekifichua kamwe, kwa sababu hakikuwahi kufika huko. Wakati tangi likiwa chini, badilisheni pia mipira iliyo kati ya tangi na pampu: mpira wenye ufa upande huo huweza kunyonya hewa injini inapofanya kazi bila kudondosha petroli hata tone moja.

Mchangiaji wa tatu

Kwa wenye gari linalowaka wakati wa kupiga stata na kuzimika mara tu ufunguo unapoachiwa, kagueni rezista ya koili, kama gari lenu linayo. Stata inapozunguka, koili hupewa umeme bila kupitia rezista hiyo. Ufunguo ukirudi, umeme hulazimika kupita humo, na ikiwa imekatika cheche hakuna. Yangu ilikuwa na ufa kwenye kauri, ikawa inashika na kuachia kadiri ilivyopata joto.

Mchangiaji wa nne

Gari langu huzimika siku za jua kali, hasa baada ya kusimama sana kwenye foleni. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi za Selsiasi, na bomba linalopita karibu na ekzosi hupata joto zaidi ya hilo. Pampu ya kuendeshwa na injini imetengenezwa kusukuma kimiminika, hivyo mvuke ukijaa humo haisukumi kitu. Nililihamisha bomba na kuweka kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta, na tangu hapo limetulia.

Mchangiaji wa tano

Namheshimu aliyetangulia, na kwake ni dhahiri kwamba tiba imeuthibitisha ugonjwa, lakini naomba tusikimbilie kusema petroli imechemka kila gari linapozimika kwa joto. Koili na kondensa nazo hushindwa zikipata joto na hupona zikipoa, na dereva anayesubiri kando ya barabara hana namna ya kutofautisha kwa kusubiri tu. Kipimo ninachokiamini ni taa ya taiming (inayomulika kila cheche inapopita) iliyofungwa kwenye waya mnene wa koili, ikawekwa mahali ambapo abiria anaiona. Injini ikianza kufa huku taa ikiendelea kumulika, shughulikia mafuta. Taa ikikata kwanza, shughulikia umeme.

Asiye na taa hiyo, gari likizimika asipige stata tena. Aondoe kifuniko cha chujio la hewa, achungulie kwenye koo la kabureta huku akivuta kwa mkono waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta. Mrija mwembamba wa petroli ukiruka, bakuli halijakauka. Kusiwe na sigara wala moto karibu, na asiwepo mtu wa kugusa stata wakati huo, kwa sababu injini inaweza kurudisha moto usoni. Kwangu petroli iliruka vizuri kabisa, na kosa likaonekana kwenye kondensa.

Mchangiaji wa sita

Langu lilizimika nilipokanyaga breki nikikaribia kusimama, na kila aliyelishika alihangaika na skrubu ya sailensi, yaani ya kurekebisha mzunguko wa chini wa injini. Kiwambo cha busta ya breki (kopo linalotumia mvuto wa injini kuongeza nguvu ya mguu) kilikuwa kimechanika, kwa hiyo kila pedali ilipoguswa hewa isiyopita kwenye kabureta iliingia kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa na petroli kwenye injini), na petroli ikawa kidogo mno kwa injini iliyo kwenye mzunguko wa chini. Kupima ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, endelea kuikandamiza, kisha washa. Busta ikiwa nzima, pedali hushuka kidogo chini ya mguu. Yangu haikushuka. Mwenye dalili hii asiliendeshe gari kabla ya kurekebisha, kwa kuwa nguvu ya breki nayo imeshapungua.