Tupeane uzoefu: kupinga makosa kwenye ripoti yako ya mikopo

Mzee wa Leja

Wakuu, salamu. Uzi huu una jambo moja tu: ripoti ya mikopo inasema unadaiwa na wewe hudaiwi, au inakutaja mchelewaji na hukuchelewa. Walio dawati la mikopo, walio kitengo cha malalamiko, na waliozoea kuandika barua za aina hii, leteni mnachokijua. Visa vya "mimi nilinyimwa mwaka ule" tuviweke kando, havimsaidii mtu anayetaka kuandika barua leo usiku.

Nifungue mimi. Wengi huanza kwa kuigombeza taasisi ya taarifa za mikopo kana kwamba ndiyo iliyowakopesha. Mkopeshaji ndiye anayeipelekea faili, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, na kila mkopo ni mstari mmoja: namba ya mkataba, tarehe ya kufunguliwa, kiasi kilichotolewa, salio, malimbikizo, siku za kuchelewa, hali ya akaunti, tarehe ya kufungwa. Taasisi inaupokea mstari, inatafuta jalada ambalo jina, kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa vinalingana nao, inaupachika humo.

Kwa hiyo kosa lina nyumba mbili. Ama limezaliwa kwenye leja ya mkopeshaji, yaani kitabu chake cha hesabu, ama kwenye upachikaji. La leja ukilipeleka kwa taasisi peke yake litarudi. La upachikaji ukilipeleka kwa mkopeshaji atakushangaa, maana kwake mdaiwa yupo na deni lipo. Kabla hujaandika neno, jua lako linakaa nyumba ipi.

Karani Msaidizi

Naongezea kwa Mzee. Chukua ripoti kutoka kila taasisi iliyopo nchini mwako. Kenya kuna TransUnion, Metropol na Creditinfo. Marekani ni Equifax, Experian na TransUnion. India ziko nne. Wapo wakopeshaji wanaotuma faili kwa taasisi moja tu, na wengine hutuma kwa siku tofauti, ndiyo maana deni linaweza kuwa limefutwa huku na kule bado linasomeka.

Mara nyingi huhitaji kulipia. Marekani ripoti ni bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com, India ni bure mara moja kwa mwaka kwa kila taasisi, Uingereza ripoti ya kisheria ni bure. Usishawishike kununua kifurushi cha alama, ile namba inayokadiria jinsi unavyolipa madeni. Alama haipingwi, inayopingwa ni mistari iliyoizaa.

Na iwe ripoti kamili, yenye namba ya ripoti na tarehe. Picha ya skrini kutoka programu ya simu huonyesha muhtasari, mara nyingi bila namba ya mkataba, na bila namba hiyo karani hajui unazungumzia mkopo upi kati ya mitatu uliyowahi kuchukua pale pale.

Dada Hesabu

Kwenye kusoma, watu huruka ukurasa wa majina na anwani wakakimbilia madeni. Ukurasa huo ndio unaokwambia kama jalada lako limechanganywa na la mwingine. Anwani usiyowahi kuishi, mwajiri usiyemjua, jina la tatu lisilo lako: weka alama kila kimoja. Wanaopatwa sana ni baba na mwana wenye jina moja, mapacha, watu ambao majina yao huandikwa leo ukoo mbele kesho ukoo nyuma, na waliobadili jina baada ya ndoa.

Kisha mistari yenyewe. Salio likiwa kubwa kuliko unavyojua, tazama kwanza tarehe ya taarifa. Faili imetumwa tarehe 30, wewe umelipa tarehe 3: hapo hakuna kosa, kuna foleni. Subiri mzunguko mmoja, kisha uangalie tena.

Deni moja kusomeka mara mbili ni kosa la kweli na ni la kawaida. Mkopeshaji akiuza deni kwa mkusanya madeni, mstari wa zamani unapaswa kusoma salio sifuri na kueleza kwamba limeuzwa. Mistari yote miwili ikibeba salio, unaonekana unadaiwa maradufu.

Ila ninayoikazia macho kuliko zote ni tarehe ya kuchelewa kwa mara ya kwanza. Marekani taarifa mbaya kwa kawaida hukaa miaka 7 na saa hiyo imefungwa kwenye kuchelewa kule kwa mwanzo. Uingereza ni miaka 6 tangu deni litangazwe kuwa limeshindikana. Kote kuwili, deni kubadili mikono hakuianzishi saa upya. Mkusanya madeni akijaza tarehe aliyolinunua, amekuongezea miaka bila wewe kushtuka, kwa sababu kiasi kiko sawa na jina liko sawa. Watu husoma kiasi, hawasomi tarehe.

Mgeni Njiani

Samahani wakuu, deni lililochelewa likishalipwa lote, mstari si unatakiwa utoke?

Dada Hesabu

Hapana ndugu. Unatakiwa usome salio sifuri na hali iwe "limelipwa", lakini historia ya kuchelewa hubaki mpaka muda wake wa kisheria uishe. Linauma, lakini si kosa, na ukilipinga utajibiwa kwamba taarifa ni sahihi. Unachoweza kupinga ni salio lililobaki, au hali kuendelea kusoma "linadaiwa" wakati barua ya kumaliza deni, ile ya mkopeshaji inayothibitisha umelipa lote, unayo mkononi.

Mkono wa Barua

Barua fupi hushinda barua ndefu. Hii ya chini inatosha, jaza palipo wazi:

"Ripoti namba ___ ya tarehe ___. Napinga mstari ufuatao: mkopeshaji ___, mkataba unaoishia na ___. Ripoti inaonyesha salio la ___ na siku 90 za kuchelewa. Mkopo huu ulilipwa wote na kufungwa tarehe ___, kabla ya tarehe ya kucheleweshwa inayotajwa. Ushahidi: kiambatisho A, barua ya kumaliza deni; kiambatisho B, taarifa ya benki ukurasa wa 2, muamala namba ___. Naomba mstari usomeke: salio sifuri, umefungwa, siku za kuchelewa sifuri. Naomba majibu kwa maandishi pamoja na nakala ya ripoti iliyosahihishwa."

Angalia sentensi ya "naomba mstari usomeke". Wengi huishia "naomba mrekebishe", karani akarekebisha salio akaacha siku 90 pale pale, maana hukumtajia. Mwambie kila kisanduku kisomeke nini.

Peleka nakala, halisi zibaki kwako. Ambatisha kitambulisho na kithibitisho cha anwani, la sivyo jibu la kwanza litakuwa la kuviomba na wiki mbili zimepotea. Kwenye ripoti yenyewe zungushia mstari unaoupinga.

Kuhusu ushahidi: ujumbe wa simu unaosema umelipa unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako. Hauthibitishi imetua wapi. Malipo yaliyoandikwa namba ya mkataba yenye tarakimu moja isiyo sahihi hulala kwenye akaunti ya pesa zisizo na mwenyewe, na mkopo unaendelea kuhesabiwa siku. Ndiyo maana taarifa ya benki inayoonyesha namba iliyolipiwa ina nguvu zaidi: mkopeshaji anaifuata pesa mpaka ilipolala.

Na kuna masalia ya riba. Umesoma deni tarehe 1, ukalipa kiasi hicho hicho tarehe 5, riba ya siku nne imebaki. Kiasi kidogo cha kuchekesha, lakini kwenye faili kinasomeka kama mkopo uliochelewa. Unapotaka kufunga mkopo, omba kwa maandishi kiasi cha kuumaliza *kwa tarehe fulani*, ulipe tarehe hiyo, kisha udai barua ya kumaliza deni wiki hiyo hiyo.

Karani Msaidizi

Fomu ya mtandaoni au barua? Fomu ni ya haraka, ila hukulazimisha kuchagua sababu kwenye orodha, na sababu hiyo ndiyo inayosafiri. Marekani taasisi hupeleka pingamizi kwa mkopeshaji kupitia mfumo uitwao e-OSCAR, ambamo maelezo yako hugeuzwa kuwa msimbo mfupi. Sasa mtu kalipa mkopo wake, akachagua "si wangu" kwa hasira. Mkopeshaji analinganisha jina na kitambulisho, vinafanana, anajibu "ni wake", kesi imefungwa. Barua ya kumaliza deni hakuna aliyeitazama, kwa sababu swali lililoulizwa lilikuwa la umiliki. Alipaswa kuchagua "salio si sahihi" au "umelipwa".

Kosa rahisi lenye hati moja, tumia fomu na uhifadhi namba ya lalamiko. Kosa lenye maelezo, au lililokwisha kukataliwa mara moja, tuma barua ya rejista yenye kithibitisho cha kupokelewa. Siku zinahesabiwa tangu walipoipokea, na bila kithibitisho utabishana kuhusu tarehe badala ya deni.

Sheria na Siku

Muda hutegemea nchi, someni wa kwenu. Marekani chini ya sheria ya taarifa za mikopo ya 1970, taasisi ina siku 30 za kuchunguza, zikafika 45 ukiongeza nyaraka katikati au ukiwa umepinga kutokana na ripoti ya bure ya mwaka. Ndani ya siku 5 za kazi lazima imjulishe mkopeshaji. Mstari usiothibitishwa hufutwa au husahihishwa. Kwa hiyo usitume nyaraka kwa mafungu, kila fungu linaweza kuwapa siku zaidi.

Ulaya, chini ya kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi, ni mwezi mmoja, na unaweza kuongezwa miwili kwa jambo gumu. India ni siku 30, na tangu Aprili 2024 mlalamikaji hulipwa rupia 100 kwa kila siku inayozidi.

Kuna mzozo usioisha: uanze na taasisi au na mkopeshaji? Kosa la leja, peleka kwa wote wawili siku moja, nyaraka zile zile. Marekani kuna sababu ya ziada: haki ya kumshtaki mkopeshaji kwa kutochunguza huanza pale tu pingamizi linapompitia kutoka kwa taasisi. Aliyemwandikia mkopeshaji peke yake, hata mara kumi, hana kesi hiyo.

Mzee wa Leja

Sasa jibu linalovunja watu moyo: "taarifa imethibitishwa". Mara nyingi maana yake ni kwamba mkopeshaji amefungua mfumo wake, akaona kile kile alichotuma, akajibu ndiyo. Kurudia barua ile ile hakusaidii. Marekani taasisi inaruhusiwa kulikataa pingamizi lisiloleta jipya. Leta kitu kipya. Mwombe mkopeshaji mchanganuo wote wa akaunti tangu siku ya kwanza, kila malipo na kila tozo. Utaona mwezi ambao pesa yako haikuingia. Huo mwezi ndio barua yako ya pili, yenye mstari mmoja tu.

Likisahihishwa, usishangilie mapema. Karani anaweza kurekebisha kwa mkono upande wa taasisi huku leja ikibaki vile vile. Faili ya mwezi unaofuata inafuta marekebisho. Chukua ripoti baada ya siku 60 hivi, mizunguko miwili ikiwa imepita. Marekani mstari uliofutwa ukirudishwa, lazima ujulishwe ndani ya siku 5 za kazi.

Ukikwama kabisa, Uingereza unaruhusiwa kuweka maelezo yako yasiyozidi maneno 200 kwenye jalada. Andika mambo, si malalamiko, maana atakayesoma ni afisa mikopo. Baada ya hapo ni msimamizi: CFPB, ofisi ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, kwa Marekani, ofisi ya Kamishna wa Habari kwa Uingereza, na nchi nyingi nyingine benki kuu. Huko wataanza kukuuliza barua zako na tarehe zake.

Dada Hesabu

Kwa mkopo uliochukuliwa na mwizi kwa jina lako, usianzie kwenye fomu ya kawaida. Anzia polisi, upate namba ya taarifa. Marekani ripoti ya wizi wa utambulisho huilazimu taasisi kuuzuia mstari ndani ya siku 4 za kazi, na kufunga jalada lisifunguliwe na mkopeshaji mpya ni bure tangu Septemba 2018. Na usimlipe mkusanya madeni hata "kidogo cha kuonyesha nia". Atakayechunguza ataona uliwahi kulilipia.

Mgeni Njiani

Kuna mtu anaahidi kusafisha ripoti yote kwa ada, na anataka alipwe kwanza. Vipi huyo?

Mkono wa Barua

Anachofanya ni barua hizi hizi, tena wengi wao hupinga kila mstari hata ulio wa kweli. Marekani sheria inamkataza kupokea malipo kabla ya kufanya kazi. Akikwambia uombe namba mpya ya utambulisho uanze jalada jipya, ondoka, hilo ni kosa la jinai na jina litakalotajwa ni lako.

Karani Msaidizi

La mwisho kwa wanaoomba mkopo wa nyumba. Pingamizi likiwa wazi, mstari hubeba alama ya "unabishaniwa", na wapo wakopeshaji wasioendelea mpaka alama hiyo iondoke. Ukiweza, pinga miezi mitatu au minne kabla ya kuomba. Kama maombi yako mezani tayari, muulize afisa kwanza: Marekani mkopeshaji wa nyumba anaweza kuomba ripoti ihuishwe haraka kwa siku chache, wewe mwenyewe huwezi kuiomba, na anahitaji barua ya kumaliza deni kutoka kwa yule mkopeshaji wa zamani, yenye namba ya mkataba, tarehe na sahihi.