Nyimbo za Mahler ndani ya simfonia zake: mtu aanzie wapi?

Sikio Geni anauliza:

Ndugu wanajamvi, naomba mwongozo wenu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizisikiliza simfonia, yaani tungo ndefu za okestra, za mtunzi wa Austria Gustav Mahler kwa kufuata namba. Nikaanza na ya Kwanza, nikapita ya Pili na ile ya Tatu isiyotaka kwisha, hadi nikafika ya Nne, ambako nimesimama. Sikusimama kwa kuchoka. Nilishtuka, baada ya sehemu tatu za ala tupu, kumsikia mwimbaji wa sauti ya kwanza akiingia katika sehemu ya mwisho na kuimba, kama mtoto anayesimulia, habari za mbinguni ambako malaika huoka mikate na divai hailipiwi hata senti. Nilidhani wimbo huo uliandikwa ili kuifunga simfonia. Kumbe, nilipofuatilia, nikakuta kwamba ulitungwa mwaka 1892, ilhali simfonia yenyewe ilikamilika mwaka 1900. Yaani tamati ilitangulia mwanzo kwa miaka minane.

Tangu hapo nina maswali matatu. La kwanza, ikiwa nyimbo ndizo zilizozaa simfonia, je, nimekosea njia, na ilinipasa kuanza na nyimbo? La pili, mimi sijui Kijerumani. Je, ninapoteza kiasi gani? La tatu, nimesoma mahali kwamba Kindertotenlieder, zile nyimbo tano za maombolezo ya watoto, alizitunga baada ya kufiwa na binti yake. Je, ni kweli?

Mwanakwaya Mkongwe anajibu:

Ndugu Sikio Geni, karibu, na usione haya kwa kuanzia simfonia, kwa kuwa wengi wetu tuliingia kwa mlango huohuo. Hata hivyo, kwa upande wangu jibu la swali la kwanza ni ndiyo: zisikilize nyimbo kwanza, angalau kwa simfonia nne za mwanzo, kwa sababu katika kipindi hicho Mahler hakuwa akitunga nyimbo pembeni kama mapumziko, bali aliziweka kama nafaka ghalani na kuzichota kila alipohitaji.

Chukua ile ya Kwanza. Kati ya 1884 na 1885, akiwa mwongozaji kijana wa okestra katika mji wa Kassel, Ujerumani, alimpenda mwimbaji aitwaye Johanna Richter, na mapenzi hayo hayakufika popote. Kilichobaki ni nyimbo nne, Lieder eines fahrenden Gesellen, yaani nyimbo za kijana fundi anayetangatanga, ambazo maneno yake kwa sehemu kubwa aliyaandika mwenyewe. Wimbo wa pili, ambamo kijana anavuka shamba asubuhi na ndege anamwamkia, ndio uliogeuka kuwa mahadhi makuu ya sehemu ya kwanza ya simfonia iliyopigwa kwa mara ya kwanza Budapest mwezi Novemba 1889; utayasikia yakianza kwa selo, zile fidla kubwa za sauti nene, taratibu, kama mtu anayejikumbusha. Mwisho wa wimbo wa nne nao, pale kijana anapolala chini ya mti unaomdondoshea maua, umo katikati ya sehemu ya tatu, ile inayoanza na dabo besi moja, ala ya nyuzi yenye sauti nzito kuliko zote, ikipiga wimbo wa watoto unaojulikana kama Frère Jacques, lakini kwa skeli ya huzuni, mfano wa mwendo wa mazishi. Asiyeujua wimbo atajiuliza kwa nini mazishi hayo yenye kejeli yanalainika ghafla katikati. Anayeujua anatambua kwamba kijana amepata usingizi hatimaye.

Baada ya hapo chemchemi yake ikawa Des Knaben Wunderhorn, diwani ya mashairi ya kienyeji ya Kijerumani iliyokusanywa na Achim von Arnim na Clemens Brentano na kuchapishwa kati ya 1805 na 1808. Humo ndimo alimotoa wimbo wa Mtakatifu Antonio wa Padua, ambaye anakuta kanisa tupu na kwenda mtoni kuwahubiria samaki. Mikunga, kaa na kobe wote wanakuja, wote wanalisifu hubiri, kisha kila mmoja anarudi kwenye tabia yake: mwizi anabaki mwizi, na kaa anaendelea kurudi nyuma. Mahadhi yake ndiyo yaliyokuwa sehemu ya tatu ya simfonia ya Pili, bila neno hata moja, na mara tu yanapokoma mwimbaji wa sauti ya pili anaanza Urlicht, shairi jingine la diwani hiyohiyo, safari hii maneno yakiwa yamebaki.

Kuhusu ile ya Nne iliyokusimamisha: wimbo wa mbinguni aliukusudia kwanza uwe sehemu ya simfonia ya Tatu, akaughairi, kisha akaijenga simfonia nyingine nzima ili iuelekee. Sikiliza njuga zinazofungua sehemu ya kwanza kabisa. Utazikuta tena mwishoni, zikipita kati ya beti. Kijerumani kisikutishe. Soma tafsiri ya maneno mara moja kabla ya kusikiliza, kisha iweke mbali, maana anayesoma mstari kwa mstari muziki ukiendelea huishia kusoma tu.

Fidla ya Pili anajibu:

Namheshimu Mwanakwaya Mkongwe na nimejifunza mengi kwake humu, lakini ushauri huu una hatari yake, nayo ni kumfanya msikilizaji adhani kwamba simfonia ni wimbo uliovishwa nguo kubwa zaidi. Turudi kwenye mfano wake mwenyewe. Ule wimbo wa asubuhi shambani haumaliziki kwa furaha: baada ya jua, maua na salamu za ndege, kijana anajiuliza kama sasa bahati yake nayo itaanza kuchanua, na jibu analojipa ni hapana, haiwezi kuchanua kamwe, huku muziki ukipungua hadi kukaribia kimya. Katika simfonia jibu hilo halimo. Mahadhi yaleyale yanapanda, yanapasuka kwa shangwe ya tarumbeta na pembe, na sehemu inakwisha kwa kitu kinachofanana na kicheko. Mtu aliyeukariri wimbo akasubiri huzuni atakuwa anasikiliza kitu ambacho mtunzi amekiondoa kwa makusudi.

Hata samaki wa Mtakatifu Antonio hawakuachwa walivyokuwa. Katika wimbo wanazunguka majini hadi mwisho kwa uvivu wenye kuchekesha. Katika simfonia ya Pili mzunguko huohuo, ulioanzishwa kwa mapigo mawili makali ya ngoma, unafika mahali unapasuliwa na ukelele wa okestra nzima ambao wimbo haukuwa nao. Ukelele huo ndio unaorudi kuifungua sehemu ya mwisho, ile inayoelekea kwenye kwaya ya ufufuo. Kwa maoni yangu mambo makubwa ya simfonia yamo katika nyongeza za namna hiyo, wala si katika kile kilichonakiliwa.

Kumbuka pia kwamba Mahler mwenyewe alichoshwa na maelezo. Mwaka 1893, huko Hamburg, aliitambulisha simfonia yake ya kwanza kwa jina la Titan pamoja na ufafanuzi wa kila sehemu. Ilipofika mwaka 1896, huko Berlin, jina na ufafanuzi vyote alikuwa ameviondoa, pamoja na sehemu nzima iliyoitwa Blumine, na simfonia ikabaki na sehemu nne.

Isitoshe, nadharia kwamba wimbo ni mbegu na simfonia ni mti wake itakuangusha ukifika mbele. Simfonia ya Tano, ya Sita na ya Saba hazina mwimbaji hata mmoja. Ni kweli kwamba Adagietto, yaani sehemu ya polepole ya simfonia ya Tano, ambayo inapigwa na ala za nyuzi na kinubi tu, ni ndugu wa wimbo Ich bin der Welt abhanden gekommen, unaosema habari za mtu aliyejitenga na ulimwengu. Lakini undugu huo ni wa hewa na mwendo, si wa nakala, na ukiisikiliza kama wimbo uliopoteza maneno utaikosa. Ile ya Sita, iliyopigwa kwanza Essen mwaka 1906, ina, katika sehemu yake ya mwisho, mapigo ya nyundo ya mbao ambayo hakuna shairi linaloyaeleza. (Mapigo yalikuwa matatu, la tatu alilifuta baadaye, na waongozaji wa okestra wanabishana juu yake hadi leo.)

Kwa hiyo, ndugu Sikio Geni, mimi nakushauri usirudi nyuma. Maliza ya Nne kwa masikio uliyo nayo, kisha usikilize nyimbo, halafu uirudie.

Sikio Geni anaandika:

Nawashukuru nyote wawili. Jana usiku nilifanya jaribio: nilisikiliza wimbo wa shambani, kisha papo hapo sehemu ya kwanza ya simfonia ya Kwanza. Lazima nikiri kwamba Fidla ya Pili ana hoja, kwa kuwa nilipofika mahali ambapo "hapana" ilipaswa kuja na haikuja, niliruka kitini. Lakini nisingeruka kama sikuujua wimbo, kwa hiyo Mwanakwaya Mkongwe naye ana hoja vilevile. Swali langu la tatu bado halijajibiwa.

Msomaji wa Tenzi anajibu:

Swali la tatu naliweza, kwa sababu mimi niliingia kwa Mahler kupitia ushairi.

Si kweli, na tarehe zinatosha kuonyesha hivyo. Mashairi ni ya Friedrich Rückert, aliyefiwa na watoto wake wawili, Luise na Ernst, katika majira ya baridi ya 1833 hadi 1834, akaandika zaidi ya mashairi 400 ya kuwalilia. Mahler alichagua matano, akayatungia muziki kati ya 1901 na 1904, na nyimbo hizo zikaimbwa mara ya kwanza Vienna mwezi Januari 1905. Alipoanza kuzitunga hakuwa hata ameoa. Yeye na Alma Schindler walifunga ndoa mwezi Machi 1902. Binti yao mkubwa, Maria, alifariki mwezi Julai 1907 akiwa na umri wa miaka minne. Nyimbo zilitangulia msiba. Ukitaka kutafuta jeraha lililokuwapo kabla, litafute utotoni mwake, kwa kuwa nyumbani kwao walifariki ndugu zake mmoja baada ya mwingine, na mdogo wake aliyempenda sana, aliyefariki mwaka 1875, aliitwa Ernst, jina lilelile la mtoto wa Rückert.

Sasa niongeze jambo ambalo wenzangu hawajaligusa, yaani miaka ya mwisho, kwa sababu mjadala wa wimbo na simfonia unabadilika kabisa huko. Baada ya 1907 Mahler alipokea mikononi diwani ndogo ya mshairi wa Kijerumani Hans Bethge yenye mashairi ya Kichina, ya akina Li Bai na Wang Wei, yaliyopitia lugha nyingine kabla ya kufika kwenye Kijerumani. Alichokitunga humo, Das Lied von der Erde, yaani Wimbo wa Dunia, ni nyimbo sita za okestra na waimbaji wawili wanaopokezana, wa sauti ya tatu na ya pili, lakini mwenyewe aliiita simfonia. Wimbo wa sita, wa kuagana, unachukua karibu nusu saa, na mistari yake ya mwisho si ya Mchina wala ya Bethge. Mahler aliiandika mwenyewe, ikikomea kwenye neno "milele" linalorudiwarudiwa hadi lisikike kama pumzi. Hapo huwezi tena kuuliza kipi kimezaa kipi. Hakuisikia ikipigwa: alifariki tarehe 18 Mei 1911, na mwongozaji wa okestra Bruno Walter akaiongoza mjini München, Ujerumani, mwezi Novemba mwaka huohuo.

Na ukimaliza hayo, nenda kwenye ukurasa wa mwisho wa simfonia ya Tisa, ambayo haina mwimbaji. Muziki umepungua hadi nyuzi peke yake, tena zimezibwa sauti, na fidla za kwanza zinapanda polepole kwa mahadhi yaliyotoka katika wimbo wa nne wa Kindertotenlieder. Katika wimbo huo mzazi anajidanganya kwamba watoto wametoka tu kutembea, na mstari unaoimbwa kwa mahadhi hayo unasema kwamba siku ni njema kule juu vilimani. Okestra hailitamki neno lolote kati ya hayo.