MREJESHO: Kukwea miamba pwani ya Mediterania wakati wa baridi

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa niende wapi kukwea miamba mwezi Desemba nikitokea Ujerumani, kati ya Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, na pwani ya Costa Blanca, Hispania. Nimesharudi salama na nawashukuru sana.

Nilimfuata mdau aliyesema Kalymnos majira hayo nyumba nyingi za wageni na migahawa hufungwa. Nikaruka hadi Alicante, huko Costa Blanca, nikapanga chumba mji wa Calpe. Ushauri wa kufuata jua ndio ulioniokoa: miamba inayotazama kusini kama Toix ilikuwa na joto la kukwea na fulana tu mchana, ila kivulini unatetemeka. Kamba ya mita 70 ilinitosha kabisa.

Peñón de Ifach, lile jabali la mita 332 lililosimama baharini, nilipanda upande wa kusini na mwenzangu. Tulianza asubuhi mapema kama mlivyosisitiza, maana giza huingia upesi. Mawe ya chokaa kwenye njia maarufu yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza, kwa hiyo chagueni daraja la ugumu la chini kidogo kuliko mlilozoea.

Kilichoshindikana ni kutegemea treni na basi. Calpe unafika vizuri kwa treni kupitia Benidorm, lakini Sella, eneo jingine la kukwea lililo bara mbali na pwani, sikufika. Kwa huko kodini gari. Mvua nayo ilitufungia ndani kidogo.

Aliyenitumia ramani ya Toix, asante sana mkuu, tuliitumia kila siku.