Mtoto anatembelea vidole: ni CP au ni misuli?

mhudumu_kayole: Habari wadau. Mvulana wa miaka 5 anatembelea ncha za vidole na kuanguka ovyo. Kadi imeandikwa mtindio wa ubongo (CP). Mamake anasema alizaliwa salama, akalia papo hapo, na mwaka jana alipanda ngazi bila shida. Sasa hawezi. CP huzidi hivyo?

fizio_eastlands: Shika hapo kwenye ngazi. CP ni jeraha la ubongo la kabla ya kuzaliwa, la uzazini au la utotoni kabisa: kukosa hewa, umanjano mkali, kuzaliwa njiti, homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki. Misuli yaweza kukazana zaidi mtoto akirefuka, lakini anayepoteza alichokwisha kuweza atafutiwe sababu nyingine. Kwa mvulana wa umri huo, kwanza fikiria Duchenne, ugonjwa wa misuli wa kurithi: misuli hukosa protini ya distrofini, ikachakaa na kugeuka mafuta na kovu. Bila dawa, wengi huacha kutembea wakikaribia miaka 12.

Mketishe sakafuni, asimame bila kushika kitu. Akijigeuza kifudifudi, kisha akajiinua kwa kupandisha mikono juu ya mapaja yake, nyonga ni dhaifu. Tazama pia misuli ya nyuma ya miguu, chini ya goti: huwa minene na migumu, watu wakidhani ana nguvu. Kwa CP ya kukazana, kunja kifundo kwa kasi kitanasa, polepole kitaachia.

maabara254: Aombewe kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika. Kwenye Duchenne hupanda mara 10 hadi 100 ya kawaida. Kwenye CP huwa sawa au karibu na sawa. Onyo: AST na ALT, vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini, hutoka kwenye misuli pia, kwa hiyo wengine hutibiwa ini bure. CK ikiwa juu, rufaa kwa daktari wa neva wa watoto, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta (KNH) kwa mfano, halafu kipimo cha jeni.

fizio_eastlands: Majibu yakisubiriwa, msimfanyishe mazoezi ya nguvu wala kushuka ngazi mara kwa mara, nyoosheni kisigino taratibu tu. Akihitaji upasuaji, daktari wa nusukaputi aambiwe mapema: suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli, inaweza kuusimamisha moyo wake.

mhudumu_kayole: Asanteni. Ana mdogo wake wa kiume, miezi 9, anatambaa vizuri.

maabara254: Naye apimwe CK. Kutambaa vizuri hakumwondoi. Kama mama ndiye mbebaji wa jeni yenye kasoro, uwezekano wa kila mvulana kuugua ni nusu kwa nusu.