Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): CS miaka mitatu au SE miaka minne, nijaze ipi?

mtoto_wa_kizota
Wadau habari za jioni. Nimemaliza fomu siksi PCM, matokeo siyo haba, sasa najaza kozi kichwa kinaniuma. Pale CIVE, koleji ya kompyuta ya UDOM, kuna Sayansi ya Kompyuta, hiyo CS, miaka mitatu na kuna Uhandisi wa Programu, hiyo SE, miaka minne. Baba akisikia injinia tu hasikii kingine, mama anauliza huo mwaka wa ziada nani atanilisha. Mi nasoma majina ya masomo naona yote yaleyale. Tofauti iko wapi?

FundiMdudu
Dogo mwanzoni kweli mengi mnasoma sawa, hesabu, kuprogramu, hifadhidata. Mnakuja kuachana mbele, CS anazama kwenye algoridhimu (hatua za kutatua tatizo), otomata (nadharia ya mashine za kukokotoa), kompaila (programu ya kutafsiri kodi iende kwenye lugha ya mashine), wewe wa SE unapelekwa kwenye kumhoji mteja, kuandika mahitaji, kuchora muundo, kupima, na kuutunza mfumo ambao watu watano mnaushika kwa pamoja. Mi SE. Projekti yetu ilikuwa mfumo wa mnunuzi mmoja wa zabibu Hombolo, tumekesha wiki tatu tumetengeneza fomu imenyooka, mkulima anaweka kilo bei inatokea. Tumempelekea mzee kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe pale kwake wanahesabu kreti kwanza, mizani baadaye, halafu nusu ya wakulima walishakula advansi tangu mwezi wa kumi na mbili, na sisi sehemu ya kuandika advansi hatuna kabisa!! Tukafumua hifadhidata nzima. Na somo la mahitaji ndo lile tulikuwa tunasinzia.

BintiMpwapwa
Mi CS na sijutii. Matangazo ya Afisa TEHAMA serikalini mengi yanataja Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu "au inayofanana", sasa mwaka wa ziada wa nini? Wakati rafiki yangu wa SE bado yuko geto Ng'ong'ona anapambana na ripoti, mi nilishaanza kupokea mshahara, mdogo lakini mshahara. Na bodi ya mikopo wanakata 15% ya mshahara mdogo wangu, jifikirie.

FundiMdudu
Dada hiyo 15% wanakata hata ukisoma mitatu 😂 kinachobadilika ni deni kubwa kwa hiyo unalipa muda mrefu zaidi.

BintiMpwapwa
Haya umenishika. Na nikiri jingine, naanza kazi Git, ile programu ya kutunza matoleo ya kodi, siijui, kodi zangu za programu nimezipanga kwenye mafolda mfumo_mwisho, mfumo_mwisho2, mfumo_mwisho_kabisa. Siku mwenzangu kafungua hiyo laptopu nilitamani ardhi ipasuke. Ila nilijifunza ndani ya wiki, sikuhitaji mwaka wa nne.

zabibu_kavu
Kozi yoyote utakayochukua, bumu la kwanza, hela ya kujikimu ya mkopo, usimalizie soko la Sabasaba kwenye viatu, tafuta laptopu ya ramu GB 8 na uwe unaipuliza feni, vumbi la Dodoma halina huruma.

mtoto_wa_kizota
Asanteni. Swali jingine, mi siyo muongeaji, kukaa na wateja sijui kama nitaweza, afu Python yenyewe, lugha ya kuprogramu, nimejifunza YouTube tu.

mzee_wa_ntyuka
Kijana, nimefanya hizi kazi muda sasa. Fanya hivi, chukua kodi ya mtu mwingine GitHub, ule mtandao watu wanakoweka kodi zao, chafu chafu hivi, jaribu kuongeza kitu kimoja kidogo bila kuvunja vingine. Ukikuta umekaa mpaka saa saba usiku na bado una hamu, SE inakufaa, maana kazini muda mwingi utashinda kwenye kodi za watu. Ukikuta hamu yako yote iko kwenye kwa nini njia hii ina kasi kuliko ile, nenda CS. Kuongea utazoea, mbona mimi mwenyewe bubu.

mtoto_wa_kizota
Shikamoo mzee. Nimejaribu jana, nimevunja vitu vinne nikarudisha vitatu, saa nane nikalala. Nimeweka SE chaguo la kwanza, CS la pili. Baba nimeshamwambia ni injinia. Mama sijamwambia bado kama ni miaka minne.