Mzee wa miaka 71, viza iliisha 2004: tumsaidieje?

Kutoka: Mama Wawili, Reading

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Naandika kwa ajili ya mzee wetu mmoja, jina nalihifadhi. Watu wa Reading mnamjua kwa sura, ndiye anayeosha masufuria kila msiba. Aliingia Uingereza Septemba 2003 kwa viza ya matembezi ya miezi 6, Machi 2004 ikaisha, yeye akabaki. Amebeba boksi usiku, amefagia maofisi, amelea watoto wa watu. Sasa ana miaka 71, miguu inavimba, na kazi hapati tena, maana siku hizi hata ya kufagia lazima uonyeshe uthibitisho wa uhamiaji mtandaoni. Analala kwenye kichumba cha juu kwa familia moja, kodi yake ni kuwapeleka watoto shule na kuwarudisha. Familia hiyo inahamia Milton Keynes mwezi wa pili na huko hakuna chumba cha ziada. Kupanga mwenyewe hawezi, mwenye nyumba anatakiwa akague makaratasi.

Habari ya kwenda kwa GP, daktari wa mtaa, mzee hataki kusikia. Anasema akiandikisha jina tu, Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, wanagonga mlango. Ijumaa alfajiri nilimkuta amekaa katikati ya ngazi, anahema, mkono kwenye reli, ananiambia eti anasubiri watoto waamke. Ngazi zenyewe ni kumi na tatu. Pasipoti yake imeisha 2012. Akiba yake yote ni pauni 340, kaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga.

Aanzie wapi? Naomba majibu yenye mwelekeo. "Tumuombee" nimeshayapata ya kutosha kanisani.

---

Kutoka: Kaka wa Slough

Dada pole. Mimi nitasema lile ambalo wengine wanalisema kwenye simu tu: arudi nyumbani. Miaka 71 unangoja nini kwenye baridi hii? Kuna utaratibu wa kurudi kwa hiari, serikali inakata tiketi, na wengine wanapewa hadi pauni 3,000 za kuanzia maisha. Pasipoti ikiwa imekufa, ubalozi wa Tanzania pale Stratford Place, London, wanatoa hati ya dharura ya safari.

Rafiki yangu karudi Tanga mwaka juzi. Yeye alifanya kazi kwa kibali zaidi ya miaka 10 kabla mambo hayajaharibika, kwa hiyo michango yake ya bima ya taifa ilitosha kumpa pensheni kidogo. Aliidai kupitia ofisi ya pensheni za nje iliyoko Newcastle, na inaingia benki kule kule Tanga. Kwa viwango vya 2025 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki kwa aliyechangia miaka 35. Mwenye 10 alipata kama pauni 65 hivi. Ubaya ni kwamba ukiwa Tanzania au Kenya haipandi, unakufa na kiwango kile kile ulichoanza nacho. Lakini pauni 65 Tanga siyo pauni 65 Slough.

---

Kutoka: Mpwa wa Shangazi, Leicester

Kaka wa Slough, kurudi ni njia, siipingi. Ila rafiki yako alikuwa na pensheni, na nadhani alikuwa na nyumba. Huyu mzee alikuwa akifanya kazi kwa namba ya bima ya taifa ya kuazima, michango ilikwenda kwa mwenye namba. Kabla hajapanda ndege mtu aangalie kwanza anaacha nini hapa, kwa sababu kwa tarehe alizotaja Dada, mzee ana kitu mkononi na huenda hajui.

Nimepita njia hii na shangazi yangu, kwa hiyo nasimulia. Ushauri wa kisheria siyo wangu kuutoa, na nitaeleza kwa nini.

Sheria ya hapa inamruhusu mtu aliyeishi nchini miaka 20 mfululizo, hata kama yote ni bila viza, kuomba ruhusa ya kukaa kwa msingi wa maisha yake binafsi. Zamani ilikuwa miaka 14. Julai 2012 wakaifuta. Shangazi aliingia 1999, wakati huo alikuwa ametimiza miaka 13 hapa, anahesabu miezi kama mjamzito, wakahamisha goli. Akakaa mingine saba kimya. 2019 tukaomba, 2020 akapata. Mzee wenu kaingia Septemba 2003, maana yake Septemba 2023 ametimiza, kama hajatoka nje ya nchi hapo katikati na hajafungwa jela.

Anachopata siyo ukazi wa kudumu. Ni miezi 30, halafu unaomba tena, na tena, hadi miaka 10. Shangazi ana miaka 78 na bado yumo kwenye foleni hiyo, anasema atapewa ukazi akiwa anazikwa. Na wanasiasa hapa kila siku wanazungumza kukaza masharti ya ukazi, kwa hiyo anayestahili asikae akingoja hali ya hewa iwe nzuri.

Gharama ndiyo inayowavunja watu moyo. Aprili 2025 ada ilipandishwa ikawa pauni 1,321, juu yake ada ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, kwa miaka miwili na nusu inakuja 2,587.50. Mzee mwenye kopo la pauni 340 akisikia hivyo anafunga mfuniko. Mwambieni kuna ombi la kusamehewa ada, linatangulia kabla ya ombi lenyewe, na likikubaliwa zote mbili zinafutwa. Lazima aonyeshe kwamba hana. Asiye na akaunti ya benki, familia inayomlaza iandike barua ieleze inampa nini: chumba, chakula, na kwamba fedha taslimu hawampi. Barua ya kweli, isiyotiwa chumvi.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo kazi ilipo, mengine yote ni fomu. Wanataka kuona ulikuwepo kila mwaka, na mtu aliyejificha miaka 20 kajificha pia na karatasi. Hana bili, hana mkataba wa nyumba, hana payslip yenye jina lake. Sisi tulikaa na shangazi sakafuni wiki nzima na mfuko mmoja wa rambo. Kilichotuokoa ni risiti za kutuma fedha nyumbani. Alikuwa hajatupa hata moja tangu 2001, kila moja ina jina lake, tarehe, na jina la bibi mpokeaji. Lakini zile karatasi za mashine wino wake unapauka. Za 2008 zilikuwa nyeupe, ilibidi tuziinue dirishani ndipo maandishi yaonekane kama kivuli, tukazipiga picha hapo hapo. Dada, leo hii, kabla ya wakili, kabla ya GP, pigeni picha kila karatasi iliyomo kwenye begi la mzee.

Vingine tulivyotumia: barua ya imamu, picha za harusi za watu zenye tarehe, miwani aliyopimiwa 2006, kadi ya maktaba. Halafu ombeni faili lake Home Office, kila mtu ana haki ya kudai taarifa zake na ni bure. Pasipoti ile ya 2012 msiitupe, muhuri wa Heathrow ndio mwanzo wa hesabu.

Kuhusu mshauri. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai nchini hapa, na ndiyo maana mimi nasimulia tu. Tafuteni wakili, au mtu aliye kwenye orodha ya Immigration Advice Authority, mamlaka inayosajili washauri wa uhamiaji, ile iliyokuwa ikiitwa OISC hadi Januari 2025. Shangazi 2015 aliangukia kwa "wakala" mmoja, Mswahili mwenzetu, ofisi juu ya saluni. Alichukua pauni 1,800 na kumjazia mwaka wa kuzaliwa usio wake. Tulikuja kulipa mtu mwingine kulieleza kosa lile.

Na kama mzee aliwahi kujilipua, yaani kuomba ukimbizi, kwa jina lingine au nchi nyingine miaka ile, amwambie wakili siku ya kwanza. Hatakuwa wa kwanza. Likitokea lenyewe kwenye faili ndipo linapoua.

GP ni bure kwa kila mtu, viza au hakuna, na anayekataa kumsajili mtu kwa kukosa kitambulisho anakosea. Dharura hospitali nayo haina malipo, ila akilazwa wodini wanamtoza asilimia 150 ya gharama, na deni la kuanzia pauni 500 likikaa miezi miwili linaweza kupelekwa Home Office. Kwa hiyo woga wake una mzizi, ila kaupeleka mlango usio wake. Moyo unaotibiwa mapema kwa GP ndio usiomfikisha wodini.

---

Kutoka: Bint Muscat

Nawasoma kutoka huku nikasema nichangie. Nyie mna hesabu ya miaka 20. Omani muda hauhesabiki kwa faida yako, unahesabika kwa faini tu. Nina mama mmoja Mpemba, alikuja kwa viza ya kumtembelea mwanawe, mwana akafariki, yeye akabaki kwa wajukuu. Faini ikapanda kila siku hadi kurudi kukawa ghali kuliko kukaa. Mwaka 2025 serikali ilipofungua dirisha la msamaha wa faini tukamkimbiza. Yuko Wete sasa. Huku ukisikia msamaha, usiulize mara mbili.

---

Kutoka: Mweka Hazina Mstaafu, Reading

Wapwa, nimesoma yote. Huyo mzee namjua.

Nimeshuka stoo nikatoa daftari la michango ya misiba, lile jeusi la 2006 hadi 2019 (baadaye tukahamia kwenye simu). Kila msiba, kila jina, tarehe, kiasi, sahihi. Jina lake liko kila mwaka. Pauni 10, pauni 10, pauni 5 mwaka aliokuwa hana kazi. Ukurasa wa 2009 una tone la chai, lakini unasomeka. Je, karatasi hii inaingia kwenye ushahidi?

---

Kutoka: Mpwa wa Shangazi, Leicester

Mzee wangu, shikamoo. Inaingia! Piga picha na jalada, na wewe mwenyewe uandike barua kwamba ndiwe uliyekuwa unaandika. Daftari lenyewe usimpe mtu.

---

Kutoka: Mama Wawili, Reading

Nimechelewa kujibu, wiki ilikuwa ndefu.

GP tulikwenda Jumanne. Binti wa mapokezi akataka pasipoti na bili ya umeme, nikamfungulia ukurasa wa NHS, huduma ya afya ya taifa, kwenye simu, akaenda ndani, akarudi na fomu. Presha ilikuwa 190 kwa 105. Amepewa vidonge vya kukojoa maji na vya presha, na kwa kuwa amevuka miaka 60 dawa hakulipia. Miguu imeanza kuingia kwenye viatu.

Begi tumelifungua. Risiti 212, nyingine zimefungwa kwa raba. Wakili tunamwona tarehe 14, mashauriano ya kwanza hayalipiwi. Kaka wa Slough, mzee nimemuuliza pia kuhusu kurudi. Amesema ataamua akishakuwa na karatasi ya kumruhusu kukataa.

Mweka Hazina, nimemwonyesha picha za daftari. Kavaa miwani, kasoma ukurasa kwa ukurasa, hakusema kitu muda mrefu. Mwisho kauliza kama ile misiba miwili ya 2014 ambayo hakuchangia bado anadaiwa.