Spektrofotometa yangu imeandikwa 8543 kwenye entri, niikubali?

Maabara_Mbarara

Wakubwa, shikamooni. Ninaendesha maabara ndogo ya kupima maji na udongo hapa Mbarara. Tumeagiza spektrofotometa (chombo kinachopima kemikali kwa kutumia mwanga) kutoka Ujerumani na imeshatua Entebbe. Ndani ya kasha hilo hilo muuzaji amepakia laptopu yenye programu ya kusomea vipimo, taa mbili za akiba za deuteriamu, stabilaiza ya umeme, na boksi la chupa za kupimia, nyingine za kioo, nyingine za plastiki.

Jana ejenti wa forodha kanitumia rasimu ya entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, kabla hajaiwasilisha. Mstari mmoja tu: "mashine ya umeme na vifaa vyake", namba ya ushuru 8543.70. Nikamuuliza mbona invoisi inasema 9027. Akanijibu kwamba namba ya Ujerumani ni ya Ujerumani, na nikitaka mzigo utoke wiki hii nisimcheleweshe na maswali. Mimi ni mkemia, mambo ya forodha siyajui, lakini hiyo 8543 nimeisoma na chombo changu sikioni humo. Anasema kweli au ananiendesha?

Bibi Deklaranti

Marahaba mwanangu. Usiisaini hiyo.

Nimejaza entri mpakani Malaba tangu enzi za makaratasi, kabla ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, haujaja, na 8543 tunafahamiana vizuri. Kichwa chake chenyewe, yaani maneno ya namba hiyo kwenye kitabu cha ushuru, kinasema ni mashine za umeme zenye kazi yake maalumu ambazo hazikutajwa kwingine katika sura ya 85. Ejenti mvivu akiona waya na plagi, anatupia humo na kwenda kunywa chai. Lakini Sehemu ya XVI, ile inayobeba sura za 84 na 85, ina maelezo mwanzoni mwake, na hayo yanasema wazi kuwa vitu vya sura ya 90 havimo. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama sura ya 90 inakitaka chombo chako. Ikikitaka, habari ya 8543 imekwisha.

Na inakitaka. 9027 ni vyombo vya uchanganuzi wa kifizikia au kikemia. Ndani yake 9027.30 ni spektrometa, spektrofotometa na spektrografu zinazotumia mionzi ya mwanga, iwe ultravioleti, unaoonekana au infraredi. Ndiyo maana brosha ina nguvu kuliko jina lililoko kwenye invoisi: afisa anataka kuona chombo kinapima kwa njia gani. Ungeleta kromatografu ingeingia 9027.20. Spektrometa ya masi, tangu toleo la 2022 la kitabu cha ushuru, ina 9027.81 yake. Mpita njia ataziita zote "mashine za maabara", lakini kwenye kitabu cha ushuru hakuna kichwa cha vifaa vya sayansi, na kuwa kwako mkemia hakubadilishi namba.

Hiyo hoja ya Ujerumani ni ya kijiweni. Tarakimu 6 za mwanzo ni za Shirika la Forodha Duniani, zinasomeka vilevile Hamburg na Kampala. Zinazoongezwa na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ni 2 za mwisho. Muuzaji anaweza kukosea, sawa, ila hakosei kwa sababu anaishi Ulaya.

Sasa huo mstari mmoja ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Chukua zile taa. Katalogi itakwambia ni vipuri vya spektrofotometa, nawe utashawishika kuziweka 9027.90 pamoja na vipuri. Hapana. Maelezo ya 2 ya sura ya 90 yanasema kitu chenye kichwa chake katika sura za 84, 85, 90 au 91 kinabaki kwake, hata kama kimeundwa kwa chombo kimoja tu. Taa ya deuteriamu ni taa ya ultravioleti, kwake ni 8539.49. Iliyokwisha kufungwa ndani ya chombo usiiguse, hiyo ni chombo chenyewe. Stabilaiza inayorekebisha volti yenyewe iko 9032. Ikiwa ni ile yenye betri inayoshika umeme ukikatika, 8504.40. Chupa za kioo 7017, ziwe na mistari ya vipimo au zisiwe nayo. Za plastiki 3926. Laptopu 8471.

Kijana wa Bondi

Bibi, heshima yako, ila kwenye laptopu napinga. Sura ya 90 inaazima Maelezo ya 4 ya Sehemu ya XVI: vipande kadhaa vikichangia kazi moja iliyo wazi, vyote vinafuata kichwa cha kazi hiyo. Chombo hiki bila kompyuta hakisomi chochote. Mimi ningeweka vyote 9027.30.

Bibi Deklaranti

Hoja unayo, kijana, na wapo watakaokuunga mkono. Ingekuwa kompyuta iliyojengwa ndani ya chombo ningekuwa wa kwanza. Lakini hii ni laptopu ya dukani, mchana inasoma nitrati, jioni inaangalia mpira. Ipe mstari wake. Ukiwa na mfumo mkubwa wenye vipande kumi, hapo usibahatishe: omba uamuzi wa awali wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla hujaagiza, uwapelekee brosha na michoro.

Msafirishaji_Kla

Naongeza la pesa. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne, 0, 10, 25 na 35%, kwa hiyo namba moja ikihama inaweza kukuhamisha ngazi. Halafu VAT ya 18% inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, maana yake ushuru ukivimba na VAT inavimba. Hata ukipata 0% usitegemee bili ya sifuri: VAT ipo, na kodi ya zuio (kodi ya mapato inayokatwa mapema) ya 6% kama hamna msamaha.

Na usidanganywe kwamba kosa la ejenti ni lake peke yake. Amesaini kwa niaba yako. Ushuru uliopungua unaweza kudaiwa hadi miaka 5 nyuma, na wakija wanakuja kwa mwenye mzigo. Tunza invoisi na brosha muda wote huo. Ikitokea umekadiriwa na hukubaliani, una siku 30 za kumwandikia Kamishna aupitie upya uamuzi. Ukigonga mwamba huko, unaenda baraza la rufaa za kodi ndani ya siku 45.

Maabara_Mbarara

Asanteni sana. Nimempelekea ejenti brosha na namba za Bibi. Amekubali kugawa, ila sasa anataka hela ya ziada kwa kila mstari! Stabilaiza haina betri, kwa hiyo 9032. Jingine: mwezi ujao inaingia mizani inayosoma hadi 0.1 mg. Hiyo niiweke wapi?

Bibi Deklaranti

9016. Hapo ni mizani zenye usikivu wa sentigramu 5 au bora zaidi, yako imepita mbali. Za kupimia sukari na viazi ni 8423, na ejenti wako ndiko atakakoipeleka usipomwangalia.

Hela ya mstari mwambie akuonyeshe iko wapi kwenye mkataba wenu.